Daftari la Dobi

Jambo la kwanza nililoliona kwa shangazi ni kwamba alikushika ukosi kabla ya kukusalimia. Nilikuwa na miaka sita. Nilikaa na dada yangu kwenye benchi la mbao katika korido ya hospitali, na watu wazima walipita mbele yetu wakitazama ukutani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutuambia kwamba gari walilopanda baba na mama lilikuwa limepinduka. Ndipo akaja mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichwani. Akachuchumaa mbele yangu, akaingiza vidole viwili ndani ya ukosi wa shati langu, akapapasa kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, kisha akasema, "Haya wanangu, twendeni nyumbani." Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilinukia sabuni. Ncha zake zilikuwa zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda majini.

Nilidhani ni namna yake ya kubembeleza. Sikujiuliza zaidi, na kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa ule wa kunyamaza miaka kumi na minane.

Shangazi alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na matangi mawili ya saruji, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za pasi zilizoungua, na kuta tatu zilizojaa rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba sita. Alifua yeye, akatia wanga yeye, akaanika yeye. Mwenzake alikuwa mzee mmoja mfupi aliyepiga pasi tu, ambaye mji mzima ulimwita Makaa, kwa sababu alikataa katakata pasi ya umeme. Alisema pasi ya umeme ni kama rafiki wa mjini: siku unapomhitaji sana, hapatikani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, na kwa muda huo wote sikuwahi kuwasikia wakiitana kwa upole. Shangazi alimwambia Makaa kwamba angefufua maiti kwa kelele zake. Makaa alimjibu kwamba afadhali kelele kuliko kimya cha dobi, maana dobi ndiye anayejua siri zote za mji: nani amelala na machozi, nani amemwagiwa chai na mkewe, nani amenenepa na anasingizia nguo kuruka.

Jambo moja lilinisumbua tangu nilipoanza kusoma chuo: shangazi hakuwa na daftari. Hakuandika jina la mtu wala tarehe. Hakutumia hata kalamu ya wino kwenye nguo, kwa kuwa alisema wino ni mgeni asiyejua kuaga. Badala yake alitia nyuzi. Kila mteja alikuwa na rangi yake na idadi yake ya mishono midogo, ndani ya ukosi wa shati, ndani ya kiuno cha suruali, kwenye pindo la shuka. Mishono miwili ya kahawia ilikuwa ya mtu fulani, mitatu ya zambarau ya mtu mwingine, na orodha yote ilikuwa kichwani mwake.

Sisi wa nyumbani tulikuwa na kijani. Shangazi mwenyewe mshono mmoja, baba miwili, mama mitatu, dada yangu minne, mimi mitano. Dada alipoolewa, mume wake alipewa sita, na shemeji alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Mimi sikufurahi kila mara. Nilipokuwa shule ya bweni wenzangu waliigundua mishono yangu wakanicheka, wakisema nimetiwa alama kama mbuzi. Nikaifumua kwa wembe. Haikupita wiki, mashati yangu mawili yakapotea kwenye kamba. Nilimwandikia shangazi barua ya kujieleza, ndefu, yenye utangulizi na hitimisho. Hakujibu hata neno. Alituma mashati mengine mawili, na mishono mitano ikiwa imeshonwa kwa uzi maradufu.

Chuoni nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Likizo ya mwaka wa pili nilirudi na zawadi: daftari kubwa la jalada gumu, ambalo nililipiga mistari mwenyewe kwa rula, lenye nafasi za namba, jina la mteja, aina ya nguo, siku ya kuleta, siku ya kuchukua. Shangazi alifuta mikono, akalifungua, akalipapasa kurasa.

"Limenyooka vizuri," alisema. "Tutalitumia, Profesa."

Kesho yake nilikuta amelitumia. Alikuwa ameliweka chini ya mguu wa meza ya pasi uliokuwa mfupi kuliko mingine, na meza ilikuwa imetulia. Makaa alicheka mpaka akaweka pasi chini.

Shangazi alikufa Alhamisi moja asubuhi, bila kuugua. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa mji mwingine kwa usaili wa kazi, wa kwanza tangu nimalize chuo. Alikuwa ameninyooshea shati yeye mwenyewe, kwa sababu Makaa alikuwa hajafika. Nikiwa mlangoni aliniita, akaingiza vidole ukosini, akapapasa. "Bado umeshika," akasema. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia nitachelewa basi, nikaondoka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na jibu langu la mwisho kwake lilihusu basi.

Makaa alinieleza baadaye kwamba shangazi aliweka maji jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema apumzike kidogo hadi maji yachemke. Makaa aliendelea kupiga pasi na kumtania. Alipomaliza shuka ya pili bila kujibiwa, aliinua macho. Maji yalikuwa yanachemka. Daktari alisema ni moyo. Kifo hakikupiga hodi, wala hakikungoja hata hayo maji yaepuliwe.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu mwenye nyumba alikuja kutupa pole, na katika pole hiyo hiyo akasema kwamba angehitaji chumba chake ifikapo mwisho wa mwezi. Nikamwahidi kwamba kitakuwa tupu na safi. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha shangazi, amekumbatia tumbo kama mtu anayesikia baridi. Nilidhani ni huzuni. Nikaona kwamba mimi ndiye mwanaume wa nyumba, mimi ndiye msomi, na lazima nifanye jambo.

Nikapanga rafu.

Nasema hivi kwa aibu. Zilikuwepo nguo za wateja hamsini na saba, tayari zimefuliwa, katika mafungu yasiyo na mantiki yoyote machoni pangu: suti juu ya foronya, sare ya shule chini ya pazia. Nilishinda siku nzima nikizitenganisha. Mashati na mashati, shuka na shuka, foronya na vitu vyote vidogo vyeupe kwenye rafu moja ya chini. Jioni chumba kilipendeza kama maktaba. Makaa alipofika Jumanne asubuhi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatazama ukuta mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Msomi," akasema polepole, "umefanya nini?"

Ndipo akanieleza. Kila rafu ilikuwa mtaa. Kila fungu lilikuwa nyumba, kwa kufuata mpangilio wa milango unavyotembea kutoka sokoni. Shangazi alipopeleka nguo alianza kushoto na kumaliza kulia, bila kufikiri. Nyuzi hizo Makaa hakuwahi kujifunza ni za nani; yeye alikuwa mtu wa pasi. Lakini kwa zile rafu, alisema, angeweza kubeba nguo zote mlango kwa mlango na kuzimaliza kwa siku moja.

Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa chuoni lilikuwa hili: kumbukumbu ziache katika mpangilio uliozikuta, hata kama huuelewi. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Maneno yakaanza kupita mitaani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwanza watu walisema maskini dobi, amekufa ghafla. Kisha wakasema amekufa na nguo za watu. Kufikia Ijumaa nilisikia kwa masikio yangu, dukani, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba vijana wa marehemu wanauza mashuka. Shangazi alikuwa amegusa nguo za ndani za mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini na haikupotea hata soksi moja. Sasa jina lake lilikuwa linachafuka wiki moja baada ya kuzikwa, na aliyelichafua ni mimi. Nikamwambia dada kwamba sitaondoka katika chumba kile mpaka kila nguo imerudi kwa mwenyewe. Dada alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekonda uso.

Tuliwaita wateja waje wachague vyao. Likawa kosa la pili. Shuka nyeupe hufanana kama mayai. Wanawake wawili walishika pembe mbili za shuka moja, kila mmoja akiapa, mpaka Makaa akawaambia waikate katikati kama katika hadithi za zamani, na wote wawili wakaondoka wamekasirika na shuka ikabaki. Mtu mwingine alichukua suruali ambayo haikumfika magotini. Nikafunga mlango, nikaweka kiti nyuma yake.

Siku ya tisa baada ya mazishi akaja mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyewahi kufundisha nusu ya mji kwa fimbo na nusu kwa macho. Alitaka suti yake nyeusi. Zilikuwepo suti nyeusi nne.

"Azijaribu zote," alinong'ona Makaa kutoka mezani. "Itakayokataa tumbo si yake."

Mzee alisikia lakini hakucheka. Alinisogelea karibu. Alisema alimheshimu sana marehemu, kwamba kwa miaka kumi na tano hakuwahi kufikiria kumwuliza nguo yake iko wapi. "Lakini wewe, kijana," akasema, "wewe nakuuliza. Shangazi yako alikuwa anajua. Alijuaje?"

Nilimtazama tu. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limeoshwa vizuri, na wanga bado umo ukosini. Nililitambua lile tendo kabla sijatambua mkono ulikuwa wangu: niliingiza vidole viwili ndani ya ukosi wa mwalimu mkuu, mbele ya watu, kama shangazi alivyofanya kwa kila mtu aliyewahi kuingia mlango ule. Nikapapasa. Palikuwa na vijivimbe viwili vidogo sana, kama punje za mchanga. Nikaugeuza ukosi. Mishono miwili ya kahawia.

Mzee alikuwa amekauka kama ubao. "Una wazimu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Makaa alikuwa ameshaziendea zile suti. Aligeuza ya kwanza, ya pili. Ya tatu, ndani ya kiuno cha suruali, ilikuwa na mishono miwili ya kahawia.

Nilikuwa nimetumaini kwamba shangazi alificha daftari mahali, nikalitafuta darini, chini ya matangi, katika mifuko ya aproni yake. Kumbe lilikuwa limetawanyika mji mzima, na watu walikuwa wamelivaa. Kila mteja alikuwa na nguo nyingine nyumbani, au mwilini, iliyowahi kupita mikononi mwake. Na yeye alipokushika ukosi alikuwa anakusoma. Anajua wewe ni nani, nguo yako iko rafu gani, na kama alama yake bado imeshika.

Mwalimu mkuu alibeba suti yake, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mpaka kwenye mifupa, alisimama sokoni akatangaza kama yuko kwenye gwaride: kila mwenye nguo kwa dobi alete nguo yoyote ya zamani iliyofuliwa pale. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Watu waligeuza kosi zao wenyewe, wakatazamana shingoni, wakashangaa. Fundi viatu mmoja alisema ameishi miaka saba na uzi wa pinki na hakuna aliyemwambia. Wale wanawake wawili wa shuka walikuja na foronya mkononi, wakakuta shuka waliyogombania haikuwa ya yeyote kati yao, wakaondoka wameshikana mikono kwa kicheko. Mwanamke aliyesema tunauza mashuka alikuja pia. Alisimama nyuma kabisa, na ilipofika zamu yake hakunitazama. Nilimpa pazia lake, nikamwambia pole kwa kusubiri. Shangazi angemwambia hivyo hivyo, ingawa pengine angelitia pazia wanga kupita kiasi.

Mmoja alinibakia moyoni. Mjane aliyeleta koti la mume wake, aliyefariki zamani. Alisema halijafuliwa tangu wakati ule, kwa hiyo kama alama imo, ni ya mkono wa shangazi wa wakati ule. Ilikuwemo. Tulikuwa na shuka zake mbili. Alizichukua, kisha akalikunja lile koti taratibu, ukosi ukiwa ndani, na mimi na yeye tukawa tunalia bila kuelezana ni nani anamlilia nani.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi rafu zikawa tupu. Dada alikuwa amekuja kunisaidia kufagia. Makaa alikuwa anazima pasi. Nilipoinama kufuta rafu ya chini, ile niliyojazia foronya na vitu vidogo vyeupe, nikakuta kitu kimoja kimebaki nyuma kabisa, kimesukumwa ukutani. Kilikuwa kitambaa cha flana nyeupe, laini, cha mraba, kimekunjwa mara tatu. Hakikuwa foronya. Kilikuwa shali ya kumfunikia mtoto mchanga.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Makaa.

Nikatafuta pindo. Pindo lilishonwa kwa mkono, na nikaujua ule mkono. Kwenye pembe palikuwa na kijani. Nikahesabu mishono. Nikahesabu tena, nikidhani nimekosea, kwa kuwa sisi tuko sita, na shemeji ndiye wa mwisho.

"Saba," nikasema.

Ufagio ulianguka. Dada alikuwa amekaa chini, sakafuni penye unyevu, mikono juu ya tumbo vile vile alivyokaa siku zote hizo. Nilimkimbilia nikidhani anaumwa. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Sikumwambia," alisema. "Sikumwambia mtu."

Miaka miwili nyuma alipoteza mimba, na kila mtu alikuwa ameshajua, na kila mtu alimpa pole mpaka pole zikawa mawe. Safari hii aliapa kunyamaza mpaka shemeji atakaporudi kutoka kazini mbali. Ni shangazi peke yake ambaye dada alikusudia kumwambia, Jumapili, wakiwa wawili uani wanakunja nguo. Shangazi akafa Alhamisi. Kwa wiki tatu dada alibeba vitu viwili mwilini: mtoto, na lile neno ambalo lilikuwa limekosa wa kuambiwa.

"Alijuaje?" akaniuliza, kama mwalimu mkuu.

Makaa ndiye aliyejibu, akiwa ametupa mgongo, anajifanya anakung'uta majivu. Alisema mwezi uliopita sketi mbili za dada zilikuja kufuliwa, na vifungo vya kiuno vilikuwa vimesogezwa. Shangazi alivishika, akatabasamu, akamwuliza Makaa flana nzuri inauzwa wapi. Makaa akamtania kwamba uzeeni ameanza kucheza na vikaragosi. Akamjibu, "Nyamaza wewe. Mwenye jambo lake hajasema bado."

Dada aliitia shali usoni akalia kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akilia tangu mazishini, na hata kule hakulia hivi. Mimi nilikaa karibu naye kwenye ile sakafu, nikafikiria kwamba kama nisingepanga rafu zile kwa ujuzi wangu, Makaa angezimaliza kwa siku moja, na shali tungeikuta siku ya kwanza kwenye rafu ya nyumbani, mahali ilipowekwa. Wiki tatu dada alikaa na mzigo ambao shangazi alikuwa ameshamtua. Hilo sijajisamehe.

Chumba hakikufungwa. Mwenye nyumba aliiona ile foleni, na pengine aliona aibu, akamwachia Makaa. Mimi nilipata ile kazi niliyofanyiwa usaili, katika tawi lao la hapa mjini, ofisi yenye makabati ya chuma, na sigusi faili lolote kabla sijauliza aliyelipanga alikuwa na maana gani. Jumamosi narudi chumbani kumsaidia Makaa kufua. Nafua vibaya. Ameniambia hivyo mara nyingi. Daftari langu bado liko chini ya mguu wa meza.

Sasa miezi imepita. Shemeji amepewa likizo, amefika juzi, na anatembea uani huku na huku kama kuku anayetaka kutaga yeye. Daktari amesema ni wiki hii, na kwamba kila kitu kiko mahali pake, ingawa dada huwa haamini mpaka amwulize mara ya tatu. Mfuko wa hospitali uko mlangoni. Nilifua shali mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu, nikaianika kwenye kamba ya kwanza, ile ya shangazi. Makaa ameinyoosha mara mbili, ingawa flana haihitaji, akisema mtoto wa nyumba ya dobi hapokelewi na makunyanzi.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, napita kwa dada. Naingiza vidole viwili kwenye pembe ya shali, napapasa. Saba, bado imeshika. Namtazama dada, naye anatikisa kichwa: leo bado. Kesho nitapita mapema zaidi.